Mlango na Mlinzi Wake: Taarikhi ya Nyumba za Durban

Mtu wa pwani yetu, aliyezoea kuuona mlango wa msaji wenye nakshi, njumu za shaba na mnyororo wa kufulia kuwa ndio pambo la nyumba na ndio ngome yake, akifika Durban na kupita katika mitaa ya kilima cha Berea hana budi kustaajabu, kwani huko mlango wenyewe aghalabu hauonekani. Mbele yake pana ukuta. Juu ya ukuta zimepitishwa nyaya za umeme. Penye uwazi pana lango la chuma linalojisogeza kwa mtambo. Na juu ya lango pamebandikwa kibao chenye jina la kampuni ya ulinzi na ilani ya kwamba king'ora kikilia watakuja watu wenye silaha. Madirisha yana nondo, na hata ndani ya nyumba, baina ya sebule na vyumba vya kulala, mara nyingi pana geti jingine ambalo wenye nyumba hulikomea kabla ya kulala, kana kwamba sebule yao usiku ni mali ya mtu mwingine.

Ukiwauliza wenyeji sababu, watakwambia kwamba haya ni mambo ya zama hizi, yaliyoletwa na wingi wa wevi na uchache wa kazi. Hawasemi uongo, lakini wanaianza hadithi katikati. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia na hamsini bandari hii imekuwa ikijilinda na watu wale wale iliowakabidhi funguo zake, na atakayeisoma taarikhi ya makufuli yake bila ya kulitia jambo hilo akilini atakuwa amesoma habari za chuma tu.

Nyumba zilikuwapo katika nchi ile kabla ya mji, na zilikuwa na hifadhi yake. Boma la Kizulu, wanaloliita umuzi, lilijengwa kwa duara, vibanda vikizunguka zizi la ng'ombe lililokuwa katikati, madhali ng'ombe ndio walikuwa mali, na ilikuwa sawa kwamba mali ikae ndani na watu wailalie pembezoni. Ua wa miti ulizuia mnyama na mtu. Kwa yale yasiyozuilika na miti, mwenye boma alimwita inyanga, mganga wa dawa, naye akapigilia ardhini vigingi vilivyopakwa dawa kuzunguka maskani yote, ili radi, mchawi na kila mwenye nia mbaya visipate njia. Msomaji wa Lamu au wa Pemba hataliona jambo hili kuwa la kigeni, kwa sababu fingo lililozikwa chini ya kizingiti, kago lililofungwa mnazini, na Ayatul Kursiy iliyotundikwa juu ya mlango ni watoto wa fikira moja: nyumba ina adui asiyeonekana, na mwenye nyumba aliye na busara huanza kwa huyo.

Wazungu wa kwanza waliofanya makazi katika ghuba ile ya Port Natal walikuwa wafanyabiashara wa pembe, waliofika mwaka 1824 wakaishi kwa ridhaa ya Mfalme Shaka. Mwaka 1835 wakaupa mji jina la gavana wa Rasi, Sir Benjamin D'Urban. Na mwaka 1854 mji ukapewa baraza lake wenyewe na polisi wake wenyewe. Polisi wa manispaa walikuwa wachache, na kazi yao ya awali haikutofautiana na ya polisi wa bandari yoyote, yaani mabaharia walevi, ugomvi wa vilabuni na wizi wa mizigo gatini. Lakini koloni la Natal lilikuwa na hali ya pekee, nayo ni kwamba Wazungu walikuwa kikundi kidogo sana katikati ya watu weusi wengi, na kwa hivyo kila nyumba ya Kizungu, hata iliyo duni, ilipikiwa, ilifagiliwa na kulelewa watoto wake na vijana wanaume wa Kizulu waliotoka mabomani kuja kutafuta fedha za kodi.

Ndipo ilipozaliwa hofu. Katika miaka ya 1860 na 1870 magazeti na mabaraza ya Natal yalijaa maneno ya vitisho juu ya watumishi hawa, maneno ambayo wanataarikhi wa baadaye waliyachunguza wakayaona kuwa makubwa mno kuliko makosa yaliyothibitika mahakamani. Wenyewe wangalijua Kiswahili wangalisema kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 1869 ikapitishwa Sheria Namba 15, iliyojidai kuwa ya kuwaadhibu wazururaji, nayo ikaipa miji uwezo wa kumkamata mtu yeyote wa rangi atakayeonekana nje usiku, katika saa zilizowekwa, bila ya cheti cha bwana wake au maelezo ya kuridhisha. Saa hizo zikawa kuanzia saa tatu ya usiku hata saa kumi na moja ya alfajiri. Mwaka 1874 wakafuatia vibarua wa kutwa, wale walioitwa watu wa togt, wakalazimishwa kujiandikisha, kulipa ada na kuvaa beji. Na mwaka 1888 ikaja zamu ya kuandikisha watumishi wa majumbani. Msomaji wa Kenya, ambaye babu yake alikivaa kipande shingoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, ataitambua sura hii upesi, ingawa kwa umri Natal ndiyo iliyotangulia.

Tazama basi namna ulinzi ulivyokuwa. Yule kijana aliyewasha jiko alfajiri kabla bwana hajaamka, aliyejua sanduku lipi lina vijiko vya fedha na mkufu wa bibi umewekwa wapi, saa tatu ya usiku aligeuka kuwa mshukiwa kwa kuvuka tu kizingiti cha ua, na chumba alichojengewa nyuma ya nyumba, kilichotazama jikoni na choo, kilikuwa maskani na kizuizi kwa wakati mmoja. Korokoroni naye, yule mzee wa blanketi na rungu aliyeketi mbele ya moto wa makaa kulinda duka au ghala, hakuweza kufika kazini kwake ikiwa giza limeingia ila awe na karatasi ya kuthibitisha kwamba anakwenda kulinda. Ulinzi wa namna hii haukumtafuta mwivi. Ulimtafuta mtu, kisha ukamtaka athibitishe kwamba si mwivi, na mzigo huo wa kuthibitisha, ambao katika kila sharia iliyo na insafu humkalia mshitaki, ukahamishiwa kwenye mfuko wa shati la mtumishi.

Katika mji wa namna hiyo ndimo walimoshushwa jamaa zetu. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, akiwa amebanwa na wajumbe wa Kiingereza Sir Bartle Frere na Dokta John Kirk, alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na manowari za Kiingereza zikazidisha kuyakamata majahazi yaliyokuwa yakivusha watu kutoka mwambao wa Msumbiji na Kilwa. Watu waliookolewa walihitaji pa kuwekwa, na Natal, yenye mashamba ya miwa na kiu ya mikono, ikajitolea kuwapokea. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule manowari Briton ikalishusha Durban kundi la kwanza la watu zaidi ya mia, na hata kufikia mwaka 1880 walikuwa wamekwisha kuletwa watu wapatao 500, wengi wao Wamakua, waliokuja kuitwa Wazanzibari kwa sababu tu mambo yao yalipitia Unguja. Waliitwa huru, lakini uhuru wenyewe ulitanguliwa na mkataba wa kazi wa miaka mitano, chini ya afisa yule yule aliyewasimamia Wahindi wa mikataba waliokuwa wakiletwa tangu mwaka 1860.

Linalonishughulisha katika habari zao ni hili: walikuwa watu walioibwa. Kila mmoja wao, au mzazi wake, aliwahi kutolewa nyumbani kwake kwa nguvu au kwa hila, akahesabiwa kuwa shehena, na alipofika Durban hakuwa na mlango wala cha kukiweka nyuma ya mlango. Walipomaliza mikataba yao wengi walikusanyika upande wa kusini wa ghuba, katika kilima cha Bluff. Wachache walikuwa wamebatizwa na mapadre wa Kikatoliki. Waliobaki walishika Uislamu, na mwishoni mwa karne ya 19 wafanyabiashara Waislamu wa Kihindi, kwa kupitia wadhamini wa msikiti wa Juma wa Grey Street, wakapata ardhi mahali paitwapo King's Rest iwe makazi yao. Hapo wakajenga nyumba, msikiti na madrasa, wakazika maiti zao, wakahifadhi Kimakua na maneno ya Kiswahili, na wakakaa kwa takriban miaka sitini wakiwa jamii ambayo daftari za serikali hazikujua ziiandike wapi, kwani hawakuwa Wazulu wala Wahindi, na sheria za kila mmoja katika hao wawili ziliwapita ubavuni. Nitarejea kwao.

Haifai kupita bila kusimulia usiku mmoja ambao Durban iliona nyumba ikilindwa kwa namna isiyo ya kawaida. Mohandas Gandhi, wakili kijana aliyefika Natal mwaka 1893 na ambaye katika kijitabu chake cha mwaka 1896 alikuwa ameilalamikia, pamoja na mambo mengine, ile amri ya saa tatu ya usiku iliyowagusa Wahindi pia, alirudi kutoka Bara Hindi pamoja na mkewe na watoto katika meli ya Courland. Meli hiyo na mwenziwe Naderi zilizuiwa nangani zaidi ya wiki tatu kwa kisingizio cha tauni, huku Wazungu wa mji wakifanya mikutano ya kutaka abiria warudishwe. Tarehe 13 Januari 1897 Gandhi aliposhuka, kundi la watu lilimpiga kwa mawe, mayai mabovu na makofi, hata akaokolewa na mke wa mkuu wa polisi, Bibi Alexander, ambaye alikunjua mwavuli wake na kusimama baina yake na wale watu. Alipofikishwa nyumbani kwa rafiki yake Parsi Rustomji, ambako jamaa zake walikuwa wametangulia, kundi likaizunguka nyumba giza lilipoingia na kutishia kuitia moto.

Mkuu wa polisi Alexander hakuwa na askari wa kutosha kupigana, lakini alikuwa na akili. Alisimama mlangoni akaliongoza kundi lile katika kuimba nyimbo za kumkebehi Gandhi, na huku wakiimba akampelekea ujumbe kwa siri kwamba ikiwa anataka kuiokoa nyumba na mali ya rafiki yake na roho za watoto wake, basi na atoke kwa kujibadilisha sura. Gandhi akavaa nguo za askari polisi wa Kihindi, akaweka sahani kichwani na kuizungushia kitambaa iwe kama kofia ya chuma, akapenya katikati ya maadui zake hata kituo cha polisi pamoja na makachero wawili. Alipokwisha kufika, Alexander akawaambia wale watu kwamba mtu wao hayupo, wakachagua wajumbe wakaingia kupekua, hawakumwona, wakatawanyika. Napenda kisa hiki kwa sababu ndani yake mhalifu hakuwa mtumishi mwenye njaa aliyenyemelea usiku wa manane, bali walikuwa waungwana wa mji na mafundi wake, wapiga kura na walipa kodi, ambao hakuna sheria iliyowahi kuwataka wawe na cheti cha kutembea baada ya saa tatu.

Karne ya 20 ilipoingia, vijana wa majikoni walijitengenezea mji wao ndani ya mji. Vikundi vilivyoitwa amalaita, vyenye makapteni, viingilio na sare za kujibunia, vilitembea mitaani Jumapili alasiri vikipiga vinanda vya mdomo na kupigana kwa rungu na fimbo, na usiku baadhi yao waliiba. Wazungu waliviona kuwa jeshi la wevi. Polisi waliwasaka miaka nenda miaka rudi. Lakini mtu akitazama kwa utulivu ataona kwamba vilikuwa pia njia ya kijana aliyetoka bomani, akalala peke yake nyuma ya nyumba ya watu, kupata ndugu na cheo. Jina lililowazunguka katika masimulizi ni la Mzuzephi Mathebula, Mzulu aliyejulikana kwa jina la Nongoloza. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa akichunga farasi wa Mzungu, farasi mmoja akapotea, akaambiwa afanye kazi miaka miwili bila malipo kufidia. Alikataa, akakimbilia vilima vya karibu na Johannesburg, akaunda jeshi la wanyang'anyi walilolipa jina la Ninawi, ambalo lilienea mpaka ndani ya magereza na ambalo magenge ya gerezani ya Afrika Kusini hata leo hujinasibisha nalo. Na mwisho wake ulikuwa nini? Mwaka 1912 alitubu mbele ya wakuu wa gereza, wakamwajiri kuwa askari jela.

Manispaa nayo ilipata hila mpya. Mwaka 1908 sheria iliiruhusu kuhodhi utengenezaji na uuzaji wa pombe ya mtama kwa Waafrika, na faida yake ikatumika kujenga mabweni ya vibarua na kugharimia usimamizi wao, hata ikawa kwamba yule anayeogopwa ndiye anayelipia, kwa bilauri, gharama za kuchungwa kwake. Watawala wengine wakapendezwa. Mfumo wa Durban, kama ulivyoitwa, ukaigwa hata Nairobi, ambako manispaa ilifungua kilabu chake cha pombe Pumwani.

Katika miaka hiyo hiyo mitaa ya Grey Street, Victoria Street na Queen Street ilikuwa imekwisha kuwa mji wa Wahindi, na humo nyumba zilijilinda kwa mtindo ambao mtu wa Mombasa au wa Unguja angaliujua mara moja: duka chini, familia juu, mwenye mali akilala juu ya mali yake, jirani akisikia kikohozi cha jirani, na msikiti wa Juma, ambao kiwanja chake kilinunuliwa mwaka 1881, ukiwaamsha wote alfajiri. Ulinzi wa macho na ukaribu ni ulinzi bora kwa mwivi mmoja. Kwa umma uliokasirika haufai kitu. Tarehe 13 Januari 1949, siku na mwezi ule ule wa kisa cha Rustomji baada ya miaka 52, ugomvi baina ya mwenye duka wa Kihindi na mvulana wa Kiafrika karibu na soko uligeuka fujo, na fujo ikageuka maangamizi yaliyodumu siku tatu. Watu 142 walikufa, zaidi ya 1,000 wakajeruhiwa, maduka yakavunjwa, na huko Cato Manor nyumba za Wahindi zikachomwa na wenyewe wamo ndani. Wengi wa waliouawa walikuwa Waafrika, wakiwemo waliopigwa risasi na polisi na wanajeshi. Chuki haikuwa ya siku moja: Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki ardhi mjini, alipanga kibanda kwa Mhindi, alipanda basi la Mhindi, alikopa kwa Mhindi, na yule aliyeyapanga mambo yawe hivyo alikuwa amekaa Berea, mbali na moshi.

Serikali ya ubaguzi, iliyokuwa imeshika madaraka mwaka 1948, ilikitumia kisa hicho kama hoja: watu hawa hawawezi kukaa pamoja, na watenganishwe kwa usalama wao. Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950 ikaanza kutekelezwa Durban kuelekea mwisho wa mwongo huo, na hapo tunafika kwenye wizi mkubwa kuliko wote uliopata kutokea katika mji huu, wizi uliofanywa mchana, kwa hati na muhuri. Cato Manor ikafutwa. Waafrika kwa makumi ya maelfu wakapelekwa KwaMashu na Umlazi, na Wahindi, miongoni mwao wenye hati za umiliki walizozilipia, wakapewa fidia ndogo na kuhamishiwa Chatsworth, mahali palipokuwa mashamba ya migomba.

Bluff ilitangazwa kuwa ya Wazungu. Wale jamaa wa King's Rest, ambao serikali ilikuwa imehangaika juu yao, mara wahesabiwe na Waafrika, mara wawe Machotara, mwishowe mwaka 1961 wakaandikwa kuwa Waasia wengineo, ili wapate kuwekwa katika eneo la Wahindi. Mtu mwenye asili ya Wamakua wa Msumbiji, aliyeletwa na manowari ya Kiingereza chini ya jina la kisiwa cha Unguja, akalala Mwafrika akaamka Mwasia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakahamishiwa Bayview, Chatsworth, katika nyumba za manispaa zilizofanana safu kwa safu. Msikiti na makaburi ya King's Rest vikabaki walikoviacha, nao wakawa wakirejea huko kwa sala na maziko tu. Watu hawa waliibwa mara mbili, na mara ya pili hapakuwa na manowari. Kufuli gani lingalimzuia mwivi yule, ambaye alikuja na ramani?

Chatsworth, Phoenix iliyofunguliwa mwaka 1976 kaskazini mwa mji, KwaMashu, Inanda: miji hii ya kupangwa ilimpa kila mtu jirani aliyechaguliwa na serikali, na baina ya jamii na jamii ikaacha uwanja mtupu au barabara ya kutazamana kwa mashaka. Agosti 1985 machafuko ya Inanda yaliteketeza makazi ya Phoenix ambayo Gandhi aliyaanzisha mwaka 1904, pamoja na nyumba na maduka ya Wahindi wa jirani. Polisi wa zama zile walikuwa na kazi nyingine, ya kuzima siasa. Mwenye duka na mwenye nyumba wakajua kwamba watakaowalinda ni wale watakaowalipa. Biashara ya ulinzi ikastawi, na ulipokuja utawala wa watu wote mwaka 1994 haikupungua bali iliongezeka, hata leo walinzi wa makampuni walio kazini nchini Afrika Kusini ni zaidi ya nusu milioni, ilhali polisi wa taifa hawafiki laki mbili. Aliyekuwa korokoroni amevaa sare, fulana ya kuzuia risasi na redio begani. Wengi wao bado hutoka Umlazi na KwaMashu na kupanda magari ya abiria kabla ya mapambazuko kwenda kulinda mitaa wasiyoweza kupanga ndani yake.

Nguvu yote hii ilipimwa mwezi wa Julai 2021. Rais wa zamani Jacob Zuma alipoingia gerezani usiku wa tarehe 7, ghasia zilianza KwaZulu-Natal na kuenea mpaka Gauteng. Maduka makubwa na maghala ya Durban yakaporwa kwa siku kadhaa, polisi wakawa hawaonekani au wamezidiwa, na jumla ya waliokufa katika majimbo hayo mawili ikafika 354. Kila mtaa ukajifungia. Vizuizi vya matairi, magogo na magari vikawekwa njiani, na wanaume wakakesha na bunduki zao za leseni. Katika sehemu nyingi walikesha na kurudi salama kulala. Lakini Phoenix, ambako Waafrika wa Bhambayi, Zwelisha na Amaoti hawana budi kupita ili kwenda kazini na madukani, vizuizi viligeuka mahakama: mpita njia mweusi alihesabiwa kuwa mporaji mpaka athibitishe vinginevyo, magari yakachomwa, na watu 36 wakauawa. Sheria ya mwaka 1869 ilikuwa imefutwa zamani, lakini waliosimama kwenye vizuizi vile, ambao mababu zao wenyewe walisimamishwa usiku na kudaiwa cheti, waliitekeleza neno kwa neno.

Siku hizi anayezungumza Kiswahili mjini Durban si mjukuu wa watu wa King's Rest, ambaye ulimi wake umekwisha kuwa wa Kiingereza na Kizulu, bali ni Mkongo wa Bukavu, Uvira au Baraka, aliyekimbia vita tangu miaka ya tisini, na kazi ambayo wengi wao waliipata ni kulinda magari. Utawaona kando ya bahari na katika viwanja vya madukani, wamevaa vizibao ving'aavyo, wakimwelekeza dereva kwa mkono na kungoja sarafu arudipo. Miongoni mwao wamo waliosoma chuo kikuu. Mara nyingi mlinzi huyu hulipa ada ya kila siku kwa wenye kusimamia uwanja, kabla hajapokea hata senti moja, ili aruhusiwe kulinda. Na yeye mwenyewe hana wa kumlinda. Januari 2009 kundi lililodai kusafisha mtaa wa Albert Park kwa kuwatoa wahalifu lilivamia jengo walimokaa wageni, na watu wawili, mmoja Mzimbabwe na mwingine Mtanzania, wakafa kwa kuanguka kutoka ghorofani. Aprili 2015 maduka ya wageni yakaporwa na maelfu ya watu wakalala katika mahema Isipingo, Chatsworth na Phoenix.

Wakimbizi kadhaa, pamoja na chama chao cha wanawake, waliwahi kulipeleka mbele ya sheria suala la kazi hii. Sheria ya mwaka 2001 inayosimamia ulinzi wa kibinafsi inataka mlinzi awe raia au mkaazi wa kudumu, na wao walikuwa wamekataliwa usajili au wamenyang'anywa. Tarehe 12 Disemba 2006 Mahakama ya Katiba ilitoa hukumu yake, majaji wakiwa wamegawanyika. Walio wengi walisema kwamba ulinzi ni kazi ya uaminifu, kwamba mwenendo wa raia na wa mkaazi wa kudumu ni rahisi kuuchunguza, na kwamba kwa hivyo sheria haikuwadhulumu wakimbizi, madhali inaiachia mamlaka nafasi ya kumsamehe sharti hilo mwombaji atakayeonyesha sababu njema. Walio wachache waliuliza ni kwa nini mkimbizi, ambaye dola yenyewe imekwisha kumhoji na kumpokea, adhaniwe kuwa si mwaminifu kwa sababu ya ukimbizi wake. Hukumu ya walio wengi ndiyo inayosimama, na mkimbizi anayetaka kuvaa sare ya mlinzi hutuma maombi yake, mmoja mmoja, akieleza sababu zake.